Waya Kabla ya Friji: Umeme wa Volti 12 katika Gari la Kulala

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya mafundi umeme wa magari, wanafunzi wa ufundi na wamiliki wa magari ya utalii

  

Mwenyekiti aliniambia nichague mada yoyote ya umeme, mradi nisiwasinzishe watu waliotoka kazini. Nimechagua umeme wa gari la kulala. Nina maana ya Land Cruiser iliyorefushwa na kuwekewa paa la kuinuka, au Coaster iliyong'olewa viti, ikapewa kitanda, friji, taa, pampu ya maji, feni na soketi za kuchajia simu. Wengi wenu mmeshaletewa gari la namna hiyo. Ambaye hajaletewa, ataletewa.

Madhumuni yangu ni kueleza namna ya kuchagua nyaya na kuziunganisha, ili friji isizime usiku wa manane na gari lisiteketee. Dai langu ni moja. Mteja huja gereji na friji yake mkononi, inveta kwenye boksi, na picha ya gari aliloliona kwenye simu. Tunapanga vitu mahali pake, tunakubaliana bei, halafu waya unanunuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki. Mimi nasema mpango huo ugeuzwe: kwanza umbali na mkondo, halafu waya, halafu fyuzi, na vifaa vije baadaye. Nitalitetea dai hili kwa hoja sita. Hazina urefu sawa, mniwie radhi. Ya kwanza ndiyo inayobeba mzigo.

Hoja ya kwanza: Volti 12 hazivumilii safari ndefu

Nyumbani tumezoea volti 230. Birika la wati 2,000 likichomekwa huvuta ampea zisizofika 9, na waya wa milimita mbili na nusu za mraba uliopita ukutani hauna habari. Wati hizohizo ukizitaka kwenye betri ya volti 12, unahitaji ampea 167 hivi. Kazi ni ileile. Kilichoongezeka ni mkondo, na mkondo ndio unaopasha waya joto. Tena joto halipandi sambamba nao. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. James Joule alilipima jambo hilo kule Uingereza miaka ya 1840, na hakuna gereji iliyowahi kulipinga ikashinda.

Jambo la pili ni upotevu wa volti. Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alichapisha kanuni yake mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Kwa shaba, waya wenye unene wa milimita 1 ya mraba na urefu wa mita 1 una ukinzani wa omu 0.0175. Urefu ukiongezeka, ukinzani unaongezeka. Unene ukiongezeka, unapungua. Wanafunzi, andikeni namba hiyo, maana hesabu zote za jioni hii zinatoka humo.

Tuingie kwenye gari lenyewe. Chukua Land Cruiser ya kurefushwa, betri iko chini ya boneti, friji iko nyuma kabisa. Ukifuata njia halisi ya waya, kupita ukuta wa injini, kando ya kizingiti cha mlango, kupanda juu ya tairi la nyuma, umbali ni mita 6. Umeme unakwenda na unarudi, kwa hiyo waya wako ni mita 12. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: wanapima kwenda, wanasahau kurudi.

Friji ya kompresa inavuta kama ampea 5 ikiwa inafanya kazi. Weka waya wa moja na nusu. Ukinzani wake ni omu 0.14, na volti zinazopotea ni 0.7, karibu asilimia 6. Weka wa mbili na nusu: zinapotea volti 0.42. Wa nne: 0.26. Wa sita: chini kidogo ya 0.18, yaani asilimia moja na nusu. Mimi kwa friji sikubali zaidi ya asilimia 3, kwa hiyo katika gari hilo waya ni wa nne, na kama mfuko unaruhusu ni wa sita. Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa. Najua anachowaza: waya wa moja na nusu unabeba ampea 5 bila hata kupata uvuguvugu, kwa nini nimuuzie mteja wa sita? Mzee wangu, hauungui, hilo ni kweli. Lakini tusubiri usiku uingie.

Niliwahi kuitwa kuangalia gari moja la kulala lililorudi kutoka Serengeti. Malalamiko yalikuwa kwamba friji ni mbovu: inawaka, inazima, inawaka, inazima, na nyama imeharibika. Betri ilikuwa imeshabadilishwa. Tukawasha friji, tukaweka mita kwenye vichwa vya betri: 12.4. Tukaenda nyuma, tukapima kwenye soketi ya friji kompresa ikiwa inazunguka: 11.1. Volti 1.3 zilikuwa zimeliwa njiani. Tukainua zulia. Chini yake kulikuwa na waya wa nyumbani wa moja na nusu mpaka katikati ya gari, pale umesokotwa kwa vidole na kipande cha waya wa spika, tepu nyeusi juu yake imeshalainika na kuteleza pembeni. Waya hasi ulikuwa umefungwa kwenye skrubu ya bodi iliyopakwa rangi. Soketi yenyewe ilikuwa ile ya kiberiti cha sigara, ambayo hulegea gari likitikisika.

Sasa angalieni jinsi friji inavyofikiri. Friji nyingi za aina hii zina kinga ya betri: zikiona volti zimeshuka chini ya kiwango kilichowekwa, zinajizima ili betri isife. Hii ilikuwa imewekwa kiwango cha juu. Kompresa ikianza, mkondo unapita, volti zinapotea njiani, friji inaona 11.1, inajizima. Ikishazima, mkondo hakuna, upotevu hakuna, inaona 12.4, inawaka tena. Ikaendelea hivyo usiku kucha. Betri haikuwa na kosa, friji haikuwa na kosa. Ndiyo maana nasema upimaji wa volti bila mzigo ni kupoteza muda. Washa kifaa kwanza, pima kwenye betri, pima kwenye kifaa, toa.

Hoja ya pili: Siyo kila kinachong'aa dukani ni shaba

Duka la vifaa vya umeme litakuuzia nyaya za aina tatu zinazofanana kwa nje.

Ya kwanza ni waya wa nyumba, wenye msumari mmoja wa shaba au nyuzi saba nene. Ni shaba nzuri, lakini umetengenezwa ukae ukutani miaka arobaini bila kuguswa. Gari linatikisika. Kutoka lango la Lodoare kuvuka Ngorongoro hadi Naabi, ile barabara ya vumbi yenye mawimbi inautikisa kila msumari ulio kwenye bodi. Waya mgumu ukitikiswa unakatika ndani ya ganda lake, na kwa nje huoni kitu. Gari linataka waya wa nyuzi nyingi nyembamba, ule unaojikunja kama kamba.

Ya pili ni huo wa nyuzi nyingi, shaba tupu. Ndio tunaoutaka.

Ya tatu ni ya kuangalia sana: aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Inauzwa kwa wingi kama waya wa spika na wa amplifaya, na nyaya nyingi za kuwashia gari kwa betri ya jirani ni za namna hiyo. Ukinzani wa aluminiamu ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, kwa hiyo ulichonunua kama wa kumi unafanya kazi ya wa sita. Na aluminiamu ikibanwa kwenye teminali inalegea kidogo kidogo kadiri inavyopata joto na kupoa. Kuitambua si kazi: chukua uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Ukitoka mweupe ndani, rudisha dukani. Pia upime kwa mkono; shaba ni nzito.

Kuna mtego mwingine kwa ninyi mnaoagiza mtandaoni. Wamarekani hawapimi waya kwa milimita za mraba, wana namba zao, na kadiri namba inavyopungua waya unanenepa. Namba 4 ya Marekani ni milimita 21 za mraba. Namba 10 ni kama 5.3. Mtu akisoma maelekezo ya Kimarekani yanayosema namba 4, akaenda dukani Kariakoo akaomba wa nne, amenunua moja ya tano ya waya aliohitaji. Kwa friji atasalimika. Kwa inveta hatasalimika.

Rangi nitazipita haraka. Kwenye gari nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi, lakini nyumba za zamani zilitumia nyekundu na nyeusi hizohizo kwa umeme wa 230. Gari la kulala linaweza kuwa na mifumo yote miwili. Wekeni lebo kila mwisho wa waya, na nyaya za 230 zipite njia yake peke yake.

Hoja ya tatu: Fyuzi ni ya waya

Swali ninaloulizwa kila mara: friji ni ya ampea 5, niweke fyuzi ya ngapi? Swali lenyewe limeanza mahali pasipo. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya friji. Friji ina kinga zake ndani. Fyuzi inaulinda waya, na kwa kuulinda waya inalilinda gari na waliolala ndani yake.

Hebu tupige hesabu ya shoti. Waya wa mbili na nusu, mita 3 kutoka kwenye betri, umepita kwenye tundu la bati lisilo na mpira. Ukingo wa bati umekuwa ukilikwangua ganda tangu siku gari lilipotoka gereji, na leo shaba imegusa bodi. Ukinzani wa mita hizo 3 ni omu 0.021. Ongeza ukinzani wa ndani wa betri, unaweza kupata ampea 400 zinapita. Joto linalozaliwa ndani ya huo waya peke yake linazidi wati 3,000. Hiyo ni pasi tatu za nguo zimelazwa kwenye zulia la gari. Ganda linawaka katika sekunde chache, na betri haitachoka mapema.

Kwa hiyo fyuzi inakaa wapi? Karibu na betri. Fyuzi iliyowekwa nyuma, jirani na friji, haina habari na shoti iliyotokea kwenye ukuta wa injini. Ni askari wa geti aliyepangiwa lindo jikoni. Mafundi wa boti Marekani wana kanuni ya inchi 7 kutoka kwenye betri, yaani kama sentimita 18. Mimi naona ni kanuni nzuri hata kwa sisi tulio mbali na bahari.

Ukubwa wake: uwe juu ya mkondo wa kawaida wa kifaa, usizidi kile waya unachoweza kubeba bila kupata joto. Kwa friji yetu ya ampea 5 na waya wa sita, fyuzi ya 15 inatosha. Kompresa inapoanza huvuta zaidi kwa muda mfupi, na 15 inavumilia. Mnazijua kwa rangi: 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Ile tabia ya kuizungushia fyuzi iliyoungua karatasi ya pakiti ya sigara siisemei zaidi, maana waliowahi kuifanya wamo humu na wanajijua.

Sasa jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Gari la kulala lina betri mbili, ya kuwashia injini na ya nyumba, na kati yake kuna kebo nene. Kebo hiyo ina chanzo cha umeme kila upande. Ikipata shoti katikati, fyuzi ya mbele ikikatika, betri ya nyuma inaendelea kuilisha. Inataka fyuzi mbili, moja kila mwisho.

Na betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana ndani yake, ikipata shoti inatoa mkondo mkubwa kuliko ile ya asidi. Fyuzi ya kawaida inaweza kuyeyuka lakini cheche ikaendelea kuruka ndani yake. Kwa betri hizo tafuteni fyuzi za daraja T, zinazoweza kukata mpaka ampea 20,000. Ni ghali. Mteja atalalamika. Mwandikie kwenye risiti kwamba umemshauri.

Hoja ya nne: Mahali pa kuungia ndipo panapokufa

Waya uliochaguliwa na kupitishwa vizuri mara chache huharibika katikati. Unaharibika kwenye maungio.

Baadhi yetu tulifundishwa kuchomelea kwa risasi, na kwenye redio ni kazi nzuri sana. Kwenye gari risasi ikiyeyuka inapanda ndani ya nyuzi na kuzigandisha, na pale inapokomea nyuzi zinavunjika kwa mtikisiko. Teminali iliyobanwa sawasawa ni bora. Kubana sawasawa maana yake ni chombo chake chenyewe, si koleo, na si nyundo. Kwa kebo nene, kuanzia kumi kwenda juu, inatakiwa bano la haidroli. Hata la bei ndogo linazidi nyundo. Ukishabana, vuta kwa nguvu zako zote. Ikichomoka mkononi mwako, shukuru haikuchomokea mbugani. Kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto, tepu nyeusi ibaki ya kufungia mafungu.

Upande wa hasi nao una ugonjwa wake. Kwa taa ndogo bodi inatosha kurudisha umeme, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kuweka boliti na woshea ya meno, na kupaka grisi juu kuzuia kutu. Kwa friji na inveta, vuta waya wa kurudi mpaka kwenye betri. Gari lililorefushwa limeungwa kwa kuchomelewa, limepakwa putty, limepakwa rangi. Usiliamini kama lilivyokuwa likitoka kiwandani.

Hoja ya tano: Coaster na uroho wa kuchota

Hii nawaomba wenye Coaster na Canter wasikilize. Magari mengi ya dizeli ya namna hiyo yaliyotoka Japani, pamoja na baadhi ya Land Cruiser za soko la kule, ni ya volti 24: betri mbili za 12 zimefungwa mfululizo. Mteja analeta friji ya 12, taa za 12, redio ya 12. Fundi anafikiria upesi: betri ya chini hiyo hapo ina volti 12, si nichote hapo?

Ukichota hapo unaziua zote mbili. Alternata inazichaji kama kitu kimoja, kwa volti 28 hivi, haijui kwamba moja imechoka na nyingine imejaa. Ile unayoichota haijai kamwe. Ile ya juu inajaa kupita kiasi, inachemka, maji yanakauka. Baada ya miezi michache mwenye gari ananunua betri mbili na analaumu kiwanda.

Njia sahihi ni kigeuzi cha volti 24 kwenda 12, au kuacha gari na 24 yake na kuwa na betri ya nyumba inayojitegemea, ikichajiwa kwa chaja ya gari na paneli ya sola. Na nitaongeza neno la kuitetea 24, maana watu wanaiona kero. Kwa wati zilezile mkondo ni nusu, na upotevu kwa asilimia ni robo. Mwenye Coaster ndefu akipata friji, taa na pampu zinazokubali 24, na nyingi zinakubali, asome kibao nyuma ya kifaa kabla ya kununua kigeuzi. Volkswagen ilihamisha magari yake, pamoja na yale ya kulala, kutoka volti 6 kwenda 12 miaka ya 1960, na sababu ilikuwa ya ukoo huohuo: mizigo imeongezeka, mkondo umekuwa mkubwa mno kwa nyaya.

Hoja ya sita: Inveta, sola na umeme wa 230

Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi yote inavuta karibu ampea 95 kutoka kwenye betri, ukihesabu na kinachopotea ndani yake. Kwa hiyo ikae jirani na betri, mita moja isizidi, kebo ya 35, fyuzi ya 125. Ukiiweka mbali kwa sababu kabati lilikuwa na nafasi, umechagua kabati ukaacha umeme. Mteja akitaka birika la umeme la wati 2,000, mweleze kwa upole kuhusu jiko la gesi.

Kabla ya kununua betri piga hesabu ya siku. Kwa gari la watu wawili katika joto letu, friji itakula kama ampea-saa 30, feni 12, simu na kamera 10, taa na pampu 5. Hizo ni 57. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupaswi kuishusha zaidi ya nusu, kwa hiyo haitoshi hata siku moja. Ya lithiamu ya ukubwa huo inatoa 80 bila kuumia. Paneli ya wati 200 kwenye jua la huku itarudisha karibu zote 57 siku isiyo na mawingu. Gari likikaa chini ya mgunga mchana kutwa, kwa sababu wageni wanataka kivuli, haitarudisha. Kwenye kuunganisha sola, betri ifungwe kwanza kwenye kidhibiti chaji, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake.

Usitumie swichi wala breka ya nyumba kwenye umeme wa betri na wa sola. Umeme wa nyumba hubadili mwelekeo, na kwa mzunguko wa hezi 50 unapita sifuri mara 100 kwa sekunde. Cheche ikizaliwa kwenye swichi inapata nafasi ya kufa. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche ikishika, inashikilia, na swichi inayeyuka ikiwa imezimwa. Soma ubavuni mwa breka: kama hakuna volti za umeme wa moja kwa moja, iache dukani.

Kuhusu 230. Gari likichomekwa kambini, limesimama juu ya matairi ya mpira. Waya wa moto ukigusa bodi na waya wa ardhi haupo, gari zima linakuwa na umeme na hakuna fyuzi itakayojua. Linasubiri mtu anayetoka kuoga, pekupeku kwenye nyasi zenye umande, ashike mpini wa mlango. Kwa hiyo waya wa kijani na njano ufungwe kwenye bodi kwa boliti yake peke yake, na kuwe na kikata umeme cha miliampea 30 mara tu umeme unapoingia garini. Fundi wa magari akifika hapo, asione haya kumwita mwenzake wa majumbani mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Nyote wawili mtajifunza kitu.

Tunakoelekea

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa yaliyo mbele yetu. Mifumo ya volti 48 imeshaingia kwenye magari ya kulala huko Ulaya na Marekani, na itatufikia kwenye makontena kama vilivyotufikia vitu vingine. Magari ya utalii yanayotembea kwa umeme yameanza kuonekana mbugani, na hayo huweza kuwa na mamia ya volti kutoka kwenye betri. Hapo mtu hajifunzi kwa kugusa. Ninaviomba vyuo vyetu vya ufundi vipate meza ya mazoezi ya umeme wa betri: betri, mita 12 za waya wa moja na nusu, mita 12 za waya wa sita, na mzigo wa ampea 5. Mwanafunzi apime mwenyewe pande zote mbili. Gharama yake ni ndogo kuliko friji moja.

Na ninyi wamiliki, msikubali kupokea gari kutoka gereji bila mchoro: kila waya unatoka wapi, unakwenda wapi, unene gani, fyuzi ya ngapi. Uwekwe ndani ya kifuniko cha boksi la fyuzi, umelaminishwa. Fundi atakayelifungua gari hilo Iringa au Mombasa usiku hatakuwa na namba yako ya simu.

Kesho asubuhi kuna Coaster itakayoletwa hapa uwanjani, ya volti 24, yenye friji ya 12 iliyofungwa kama nilivyoeleza. Hatutang'oa chochote mpaka tumepima kila kitu mizigo ikiwa imewashwa. Njooni na mita zenu, na atakayekuwa na bano la haidroli alibebe. Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na mzee wa pale mbele.